Mji Wenye Saa Zake: Mhadhara Kuhusu Miji ya Michezo ya Video

Mwaka 1996 kampuni ya Kimarekani ya Bethesda ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao The Elder Scrolls II: Daggerfall. Ulitangazwa kuwa na miji, vijiji na mapango yapatayo 15,000, yaliyotawanyika katika nchi ya kubuni ambayo eneo lake lililinganishwa na la kisiwa kizima cha Uingereza. Hakuna kundi la wachoraji ambalo lingeweza kuijenga nchi ya namna hiyo nyumba kwa nyumba, kwa hiyo sehemu kubwa ilipangwa na kompyuta yenyewe kwa kufuata kanuni. Miaka minne baadaye, mwaka 2000, Nintendo ya Japani ilitoa The Legend of Zelda: Majora's Mask. Mji wake mkuu, Clock Town, umezungushiwa ukuta, una mitaa minne na kibwawa cha kufulia nguo, na mchezaji akikimbia anaukata kutoka lango hadi lango kwa dakika moja hivi. Leo, baada ya robo karne, wapenzi wa michezo hii wanapozungumzia miji isiyowatoka kichwani, Clock Town haukosi kutajwa. Miji ya Daggerfall hutajwa kwa wingi wake. Ni nadra kumsikia mtu akiutaja mmoja kwa jina na kueleza ni nani aliyekuwa akiishi pale kwenye kona.

Hoja ninayotaka kuijenga jioni hii inatokana na tofauti hiyo. Nasema kwamba kinachoufanya mji wa mchezo wa video ukae moyoni ni wakati wake. Mji ukiwa na saa zake, yaani shughuli zinazoanza na kwisha bila kumngoja mchezaji, na ukiwa na jana yake inayoonekana kutani, basi mchezaji hana budi kujifunza kuishi humo jinsi mgeni anavyojifunza mji wa watu. Hayo yakikosekana, hata eneo liwe kubwa vipi na picha ziwe nzuri vipi, mji hugeuka mandhari ya kupita. Wakati huo ninauona kwa sura mbili: saa za leo, ambazo ni ratiba ya wakazi, na miaka iliyopita, ambayo ni historia iliyoacha alama. Miji bora huwa na zote mbili, na mingine hukumbukwa kwa moja tu ikiwa imeshikwa sawasawa.

Tuutazame Clock Town kwa karibu. Mwezi wenye uso wa kutisha unauangukia mji, na baada ya siku tatu utauteketeza pamoja na wote waliomo. Mchezaji, kwa umbo la kijana aitwaye Link, ana wimbo ambao akiupiga hurudi asubuhi ya siku ya kwanza, na hivyo huziishi siku zile zile tatu mara nyingi. Kila mkazi ana mambo yake. Tarishi hupita kwenye masanduku ya barua kwa saa maalumu. Usiku wa siku ya kwanza, mtaa wa kaskazini, bibi mmoja mwenye mzigo anaporwa na mwizi aitwaye Sakon. Mchezaji akiwapo na akamzuia mwizi, mfuko mkubwa wa kubebea mabomu uliokuwa katika mzigo ule utauzwa katika duka la kina bibi huyo. Asipokuwapo, mfuko huo huo utaibukia katika duka la vitu vya wizi linalofunguliwa usiku, kwa bei ya juu zaidi. Ofisini kwa meya, mkuu wa walinzi anataka watu wahamishwe, naye fundi mkuu wa maseremala anashikilia kwamba sherehe ya mwaka haiahirishwi kwa ajili ya mwezi, na meya hana uamuzi. Usiku wa mwisho tarishi yule yuko chumbani kwake kitandani, hofu imemjaa. Anatamani kukimbia, lakini kukimbia hakumo katika ratiba yake.

Angalieni kinachotokea kwa mchezaji. Wizi wa usiku ule utafanyika awepo asiwepo. Akiwa anamsaidia mwenye nyumba ya wageni kumtafuta mchumba wake aliyepotea, hawezi wakati huo huo kuwa mtaa wa kaskazini. Kwa hiyo analazimika kuchagua, na kila anachokichagua kinamnyima kingine. Ndiyo maana mchezo unampa daftari la kuandika nani yuko wapi saa ngapi. Kwa kuujaza ukurasa baada ya ukurasa, anaanza kujua mambo ambayo mkazi pekee huyajua: kwamba fulani hawezi kupatikana nyumbani kabla ya jioni, kwamba mlango ule haufunguki mchana. Mji mdogo namna ile unakuwa mzito kwa sababu haiwezekani kuuona wote kwa mara moja. Watengenezaji wangeongeza mitaa arobaini bila kuongeza saa hizi, wangepata mji mwepesi zaidi.

Mwaka uliotangulia Majora's Mask, mwishoni mwa 1999, Sega ilikuwa imetoa Shenmue chini ya uongozi wa Yu Suzuki. Mchezo ule umewekwa Yokosuka, mji wa bandari wa Japani, kuanzia mwisho wa mwaka 1986, na hali ya hewa ndani yake inaweza kuchezwa kwa kufuata kumbukumbu halisi za hewa za Yokosuka za majira yale. Maduka ya mtaa wa Dobuita hufunguliwa na kufungwa kwa saa zake. Kijana Ryo anayemtafuta muuaji wa baba yake akiambiwa kwamba mtu fulani atakuwapo baa usiku, hana la kufanya ila kungoja usiku. Baadaye anapata kazi bandarini ya kuendesha gari la kunyanyulia mizigo, naye anakwenda kazini asubuhi baada ya asubuhi. Wapo wahakiki waliolalamika, na wanaolalamika mpaka leo, kwamba kungoja huko kunachosha na kwamba mtu hakununua mchezo ili akae akiangalia saa. Pingamizi hilo lina uzito, kwa kuwa muda wa mchezaji ni mali yake. Lakini tazameni watengenezaji walivyolijibu. Mwenye kungoja anaweza kuingia ukumbi wa michezo wa mtaani akacheza Hang-On au Space Harrier, michezo halisi ya Suzuki ya miaka ile ya 1980, au akanunua vikaragosi vya mashine, au akafanya mazoezi ya ngumi kwenye kiwanja kitupu, au akasimama tu na kuongea na muuza maua. Anayekaa Dobuita saa tatu akingoja saa mbili za usiku zifike huutoka mtaa ule akiwajua wenye maduka wake. Kungoja kukijazwa namna hii huwa ndiko kuishi penyewe. Kukiachwa kutupu, hapo mlalamikaji ana haki.

Kuhusu sura ya pili ya wakati, sijui mfano ulio bora kuliko Kamurocho. Ni mtaa wa starehe wa kubuni jijini Tokyo, ulioigwa kutoka Kabukicho, na ulionekana mara ya kwanza mwaka 2005 katika mchezo wa Sega unaojulikana nje ya Japani kwa jina la Yakuza. Tangu hapo, mchezo baada ya mchezo, mchezaji amerudishwa kwenye mitaa ile ile michache. Mhusika mkuu wa mchezo wa kwanza, Kazuma Kiryu, anafungwa mwaka 1995 na kutoka gerezani baada ya miaka kumi, na anapoingia tena mtaani kwake anakuta jengo refu la Millennium Tower limesimama mahali ambapo hakuliacha. Mwaka 2015 ukatoka Yakuza 0, unaorudi nyuma hadi Desemba 1988, wakati bei za ardhi Japani zilipopanda kupita kiasi kabla ya uchumi ule kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kisa kizima kinazunguka kipande cha ardhi, kiwanja kidogo kitupu katikati ya Kamurocho, ambacho mwenyewe hajulikani na ambacho watu wanauana kwa ajili yake. Aliyecheza michezo iliyotangulia anasimama kwenye kiwanja kile huku akijua kitakachojengwa hapo. Hisia ya namna hiyo hailetwi na picha. Inaletwa na miaka ambayo mchezaji mwenyewe ameitumia akipita kona zile zile, akaziona zikibadilika polepole: vibanda vya simu vikatoweka, maduka yakabadilisha mabango, wahusika wakazeeka.

Mtu aliyesoma mipango miji atanikatiza hapa. Atasema kwamba suala hili lilikwisha kujibiwa mwaka 1960, Kevin Lynch alipochapisha The Image of the City. Lynch alichunguza Boston, Jersey City na Los Angeles, akawataka wakazi wachore miji yao kwa kukumbuka, akatambua vitu vitano ambavyo akili huvishika: njia, mipaka, mitaa, makutano na alama kuu. Kweli, mafunzo yake yanafuatwa sana katika kazi ya kubuni michezo. Ngome ndefu ya chuma inayoonekana kutoka kila upande wa mji wa Half-Life 2 ni alama kuu ya mtindo wa Lynch, na hata Konstantinos Dimopoulos, mtaalamu wa mipango miji aliyeandika atlasi ya miji ya michezo iitwayo Virtual Cities mwaka 2020, anaisoma miji hii kama mpangaji anavyousoma mji wa kweli. Ninamheshimu Lynch, lakini vitu vyake vitano vinamsaidia mtu asipotee. Havielezi kwa nini aukumbuke mji miaka ishirini baada ya kuuzima. Miji mingi ya michezo ina njia safi, mipaka wazi na mnara mrefu katikati, na imesahaulika. Inafaa kukumbuka pia kwamba Lynch mwenyewe hakuishia hapo: mwaka 1972 alitoa kitabu kingine, What Time Is This Place?, kilichohusu wakati katika mji. Nadhani alikuwa ameona pengo hilo hilo.

Pingamizi zito zaidi linahusu huo huo mji wa Half-Life 2, uitwao City 17. Mchezo ulitoka mwaka 2004, na msanii aliyeongoza ubunifu wa sura yake alikuwa Viktor Antonov, mzaliwa wa Sofia, Bulgaria. City 17 hauna ratiba yoyote. Mchezaji anasukumwa mbele kwa njia moja na hapati kurudi nyuma. Kwa nini basi haufutiki? Anzeni na stesheni ya treni. Mgeni anashuka, uso wa mtawala aitwaye Breen unahutubia kwenye skrini kubwa, na askari mwenye barakoa analidondosha kopo makusudi na kumwamuru mgeni aliokote alitie kwenye pipa la taka. Nje ya stesheni kuna uwanja wenye majengo ya mawe ya Ulaya ya Mashariki, balkoni zake, nyaya za tramu, na juu yake yamepandikizwa mapande ya chuma cheusi cha wavamizi kutoka nje ya dunia. Baadaye kuta za chuma zile zinaonekana zikisogea na kuyaponda majengo ya zamani. Kipo kiwanja cha watoto chenye bembea, na hakuna mtoto. Kila ukuta unaonyesha tabaka: mji wa kale, juu yake mji wa vyumba vya saruji, juu yake mji wa mkoloni mpya. Antonov alitoka katika nchi ambayo tawala zilikuwa zimejenga juu ya tawala, na alijua jinsi hilo linavyoonekana kwenye jengo. Kwa hiyo City 17 hauivunji hoja yangu. Unathibitisha kwamba miaka iliyopita, ikichongwa vizuri, inaweza kuubeba mji hata saa za leo zikiwa hazipo.

Wengine watauliza kuhusu uhalisi: je, mji unaofanana kabisa na mji wa kweli si ndio unaomzamisha mtu? Mfano unaotolewa kila mara ni Paris ya Assassin's Creed Unity, mchezo wa Ubisoft wa mwaka 2014 uliowekwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Kanisa la Notre-Dame ndani yake lilijengwa kwa kazi ya muda mrefu na ya kustaajabisha. Kanisa lenyewe lilipoungua Aprili 2019, habari zilienea kwamba mchezo ungetumika kulijenga upya. Haikuwa hivyo. Vipimo vilivyokuwa na thamani kwa wajenzi ni kama vile vya leza alivyochukua mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon kabla ya kufariki mwaka 2018. Notre-Dame ya mchezo ilikuwa imerekebishwa kwa ajili ya kupandwa na kupendeza, na ina mnara mwembamba wa paani ambao mwaka 1793 haukuwapo: ule wa zamani ulikuwa umekwisha ondolewa, na huu tunaoujua ulijengwa na Viollet-le-Duc katikati ya karne ya 19. Watengenezaji waliuweka kwa sababu bila mnara huo watu wa leo wasingelitambua kanisa. Siwalaumu kwa hilo. Ninachosema ni kwamba hata waliotafuta uhalisi walikuta wanachagua kati ya miaka, na kwamba umati mkubwa wa Paris ile, uliosifiwa sana kwa idadi yake, unapiga kelele na kupeperusha bendera bila kuwa na mahali pa kwenda baadaye. Mtu huistaajabia Paris ile akiwa juu ya paa. Akishuka chini, hakuna anayemngoja.

Hilo lilionekana wazi zaidi kwa Night City, mji wa Cyberpunk 2077, mchezo wa kampuni ya Poland ya CD Projekt Red uliotoka Desemba 2020. Kwa macho, sidhani kama kuna mji wa mchezo uliojengwa kwa ufundi zaidi wakati ule. Lakini mchezaji akitenda kosa, polisi walizuka nyuma yake kutoka hewani, na wapita njia wakisikia mlio wa risasi walichuchumaa kwa namna moja kama wameamriwa. Kasoro za kiufundi zilikuwa nyingi, ila hii haikuwa kasoro ya kiufundi peke yake: wachezaji walihisi kwamba nyuma ya ukuta hapakuwa na maisha. Kampuni ilitumia miaka kurekebisha, na mfumo wa polisi ulifumuliwa upya Septemba 2023. Los Santos wa Grand Theft Auto V, wa mwaka 2013, ni mkubwa na haujasahaulika, na najua utatumiwa kunipinga. Ukubwa wake haukatai hoja yangu. Los Santos ni Los Angeles iliyokamuliwa, yenye redio zinazozungumzia mambo ya mji ule ule, jua linalozama baharini, msongamano wa magari, na watu wanaogombana barabarani kwa sababu zao wenyewe. Mwaka 2003 kulikuwa na mchezo mwingine, True Crime: Streets of LA, ulioinakili Los Angeles halisi kwa mamia ya kilomita za mraba, barabara kwa barabara. Kati ya hiyo miwili, uliokamuliwa ndio unaokumbukwa.

Sasa nije pwani yetu, maana michezo hii ilikwisha kufika huku. Mwaka 2004 studio ya Bungie ya Marekani iliweka sehemu ya Halo 2 katika Mombasa ya mwaka 2552, na mwaka 2009 ikatoa Halo 3: ODST, ambao karibu wote unachezwa ndani ya mji huo unaoitwa New Mombasa. Askari mmoja aliyetengana na wenzake anazinduka usiku, mvua inanyesha, mji umevamiwa na mitaa ni mitupu. Kompyuta inayosimamia mji, iitwayo Superintendent, inamwongoza kwa taa, vibao vya barabarani na simu zinazolia peke yake. Kila kitu anachokiokota, kofia ya chuma iliyovunjika au bunduki iliyopinda, kinamrudisha saa chache nyuma, na mchezaji anacheza kile kilichotokea mahali pale mchana. Kwa ubunifu, ni kazi nzuri mno, na inaunga mkono kila nilichokisema: mji mtupu umejazwa kwa saa zilizopita. Baadhi ya majina ya sehemu zake, Kizingo, Kikowani na Tayari, humfanya mtu wa Mombasa ageuke kusikiliza.

Tatizo ni kwamba wakati wa New Mombasa unaanza mchana ule. Mombasa ambayo Ibn Battuta aliipitia mwaka 1331, ambayo Wareno waliijengea Fort Jesus kuanzia 1593, ambayo imegombewa na Waomani, Wazimba na Waingereza, imetoa majina na kubaki nje. Mchezaji hakutani mtaani na mkazi aliye katika shughuli zake, na kisa cha binti wa mji, Sadie, anakisikia kwa vipande vya sauti za Kiingereza. Nautaja pia mchezo wa Capcom wa mwaka huo huo wa 2009, Resident Evil 5, ambao maadui wake, waitwao Majini, wanafoka kwa Kiswahili katika mji wa kubuni uliowekwa Afrika Magharibi. Hapo lugha yetu imetumiwa kama kelele za kutishia. Sitoi malalamiko haya ili tudai kuombwa radhi. Watu hujenga kwa wanachokijua, na waliojenga miji ile hawakuwa na saa za pwani akilini. Sisi tunazo.

Fikirini Kilwa ya mwanzoni mwa karne ya 14. Mji ule ulikuwa na saa kubwa kuliko zote nilizozitaja: pepo. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi inayarudisha, na kati ya hizo mbili mfanyabiashara ana miezi ya kuhesabu. Mchezaji angeshuka na shehena yake kwa kaskazi, na kabla ya kusi kushika awe ameuza, amekopesha, amedai, amenunua dhahabu iliyotoka Sofala na pembe za ndovu, ametafuta mdhamini, pengine ameoa. Akichelewa, chombo kimekwenda, naye atakaa Kilwa mpaka msimu mwingine. Ramadhani ikiingia, mji mzima unageuza mchana na usiku. Maji yakikupwa, bandari inabadilika umbo. Wizi, deni, posa na kesi mbele ya kadhi vingeendelea awepo asiwepo, kama ule wizi wa Clock Town. Baraza za mawe nje ya nyumba zingekuwa mahali pa kupata habari, kwa sharti la kujua nani hukaa wapi baada ya alasiri, na nani hazungumzi mbele ya nani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichobuniwa kwa ajili ya mchezo. Vyote ni mwenendo wa miji ya pwani, na vingine vinaendelea Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi leo.

Nitaulizwa gharama, na ni swali la haki. Los Santos na Night City ilijengwa na mamia ya watu kwa miaka mingi, na hatuna fedha hizo. Lakini tazameni tena ushahidi. Majora's Mask ulitengenezwa kwa muda wa kama mwaka mmoja, kwa kutumia upya zana na sehemu nyingi za mchezo uliotangulia, Ocarina of Time wa mwaka 1998. Disco Elysium, uliotoka mwaka 2019 na ulioanzia kwa kundi dogo la waandishi na wasanii wa Estonia, unachezwa karibu wote katika mtaa mmoja wa bandari uitwao Martinaise, wenye ukuta uliojaa matundu ya risasi za mapinduzi yaliyoshindwa na wazee wawili wanaocheza mchezo wa tufe ndani ya shimo lililochimbwa na kombora. Saa ya mtaa ule husogea mchezaji anapozungumza na watu. Mtaa mmoja umetosha. Vipimo navyo tunavyo: mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulikwisha kupima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kuta kwa kuta. Na vijana wa Afrika Mashariki wanaojua kuandika programu na kuchora kwa kompyuta wapo. Nairobi X, mchezo wa Kenya wa mwaka 2015, ulionyesha kwamba mji wetu unaweza kusimama kwenye skrini.

Kinachokosekana ni saa, na hizo hazipatikani kwa leza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka Unguja. Picha na michoro yake ipo, na ukarabati unaweza kulirudisha jengo. Lakini ni nani ameandika jinsi siku ilivyokwenda mbele ya jumba lile, nani alifungua duka kwanza, watoto walipita saa ngapi kwenda chuoni, wachuuzi wa Forodhani walipanga meza zao kwa utaratibu gani? Hayo yamo vichwani mwa watu wazima wa mitaa ile. Kwa hiyo nawaomba vijana watengenezaji wa magemu walioko katika ukumbi huu: kabla hamjachora hata mlango mmoja, chagueni mtaa mmoja, Mkunazini, Langoni au Kibokoni, nendeni na kinasa sauti kwa wazee wa hapo, mwaulize siku yao ilikuwa ikianza saa ngapi na nani alikuwa akipita kwanza. Nendeni mwaka huu.